Kukarabati na kuongeza jengo la zamani Moshi mjini: ninavyofanya mimi

Wenye majengo ya zamani wa hapa Moshi wakinipigia simu, swali la kwanza huwa ni lile lile: kubomoa ni shilingi ngapi? Nami humrudishia mtu swali: jengo hili halikupi nini unachokitaka? Akishataja fremu mbili zaidi, vyoo vya maana na ofisi ya ghorofani yenye intaneti, tunazunguka pamoja. Mara nyingi tunakuta kuta zilizopo zinabeba sehemu kubwa ya mahitaji hayo, na kinachobaki kinaingia uani.

Mimi ni mwashi. Nilianza kwa kubeba zege, siku hizi nasimamia saiti, na wateja wananiita mama fundi. Nitasema juu ya majengo ninayoyajua, yale maduka ya chini na ghorofa moja ya mitaa ya katikati, kuzunguka Soko Kuu. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi enzi za Mwingereza. Kuta zake ni za mawe au tofali za kuchoma, mbele kuna baraza pana, na juu kabisa kwenye paji la jengo kumechorwa mwaka wa ujenzi, ambao mara nyingi umefunikwa na rangi tabaka juu ya tabaka. Mengine machache ni ya Mjerumani, yaliyokuja pamoja na reli ya Tanga. Arusha nako mambo hayatofautiani sana. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 leo ni makumbusho, na watu wanaingia kwa tiketi mahali palipokuwa kambi ya askari. Jengo linaweza kubadili kazi bila kubadili kuta.

Upande wa mazingira hoja yangu ni fupi. Saruji huanzia kwenye tanuri la nyuzi joto karibu 1,450, na viwanda vya saruji duniani vinachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ukuta uliokwisha kusimama moshi wake ulishatoka miaka 80 iliyopita. Ukiubomoa unaulipia mara mbili: kifusi cha kwenda kutupa, na saruji mpya ya kujenga pale pale.

Kwanza, jengo ni la nani

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kabla hata ya mwiko kuguswa. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu amekaa kwenye duka tangu baba yake, anasema "jengo letu", kumbe ni mpangaji. Mpangaji haongezi jengo bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mali. Na kama ni mali ya urithi, ndugu wote wasaini, hata yule aliyeko Mwanza asiyepokea simu. Mimi siingii saiti kwa ahadi ya "kaka atakubali tu".

Halafu sheria za uhifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mji huu wa chini umekua na reli, kwa hiyo usitegemee kukuta jengo la umri huo. Lakini waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ulizia Idara ya Mambo ya Kale kabla hujachora. Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki kabla ya mwaka 1940 zinalindwa, hata kama jengo lenyewe halilindwi. Akija mtu na gari kununua "mlango mbovu", mwambie asubiri.

Mengine ni ya kawaida: ramani ya mbunifu majengo aliyesajiliwa, mahesabu ya mhandisi kwa jengo la ghorofa, kibali cha ujenzi cha Manispaa, na ushauri wa Zimamoto. Mpeleke mtu wa Zimamoto mapema, wakati ngazi bado ni mstari wa penseli.

Kulisoma jengo

Chagua siku ya mvua. Kagua paa wakati linavuja, usisubiri likauke. Panda darini na tochi, weka alama ya chaki kila unapoona tone, kisha fuata mbao hadi tone linapoanzia, maana maji hutembea kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kabla ya kudondoka. Chukua bisibisi uchome ncha za mbao pale zinapokaa juu ya ukuta. Katikati zitakuwa nzima, kwa sababu mafundi wa zamani walitumia mbao ngumu, lakini ncha zilizofungiwa ukutani ndizo zinazooza na kuliwa na mchwa. Ncha ikiwa mbovu hutupi boriti nzima. Unakata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya ya aina ile ile kwa bolti.

Ukikuta paa au dari la asbesto, yale mashiti ya kijivu yenye mawimbi, simama hapo hapo. Usilikate, usilitoboe, usilisugue, na usimwachie saidia fundi alivunje kwa nyundo. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Tafuta ushauri wa NEMC, watu wa mazingira, na OSHA, watu wa usalama kazini, juu ya wanaoruhusiwa kuliondoa na mahali pa kulizika.

Nyufa zisikutishe zote. Ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui ndani, ufa mpya una kingo safi. Ili kujua kama unatembea, bandika kipande chembamba cha kioo kuuvuka kwa jipsam, andika tarehe pembeni kwa kalamu, uache upitiwe na masika na kiangazi. Kioo kikibaki kizima, ufa huo unazibwa tu. Kikivunjika, mwite mhandisi kabla hujamwita mpaka rangi.

Mwisho gonga plasta kwa kifundo cha kidole, ukuta mzima, kutoka chini kwenda juu. Panapolia wazi, plasta imeachia. Zungushia chaki. Ukimaliza utaona ramani ya ugonjwa wa jengo, na karibu kila mara ugonjwa huo uko kwenye mita moja ya chini.

Chokaa, na kwa nini saruji inaua kuta hizi

Kwenye sehemu hii nakaa muda mrefu na mteja, maana ndiyo anayobishania.

Kuta za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, ndivyo zilivyojengwa, na kwa kuwa zimeungwa na kupakwa chokaa, unatokea pembeni na kukauka bila mtu kujua. Sasa miaka ya karibuni anakuja fundi, anaona plasta imechoka, anapiga ya saruji na rangi ya plastiki juu yake. Njia ya maji imezibwa. Unyevu unapanda zaidi kutafuta pa kutokea, rangi inatoka mabaka, ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi. Mwenye jengo anaongeza saruji futi mbili juu. Unyevu nao unaongeza futi mbili. Nimewahi kuona duka ambalo plasta ya saruji ilikuwa imefika usawa wa kichwa changu, na kila tabaka lina rangi yake, unaweza kuzihesabu enzi za wapangaji.

Dawa yake: bandua saruji kwa nyundo ndogo na tindo, kwa mkono. Mashine ya kuvunjia zege inatikisa ukuta na kung'oa nyuso za tofali. Ikiwa mahali fulani saruji inashikilia sana hata inatoka na jiwe, iache hapo. Kisha acha ukuta uchi ukauke. Nikiweza napanga kazi hii ianze Juni baada ya masika, ili plasta mpya ianguke kwenye miezi ya baridi. Mwenye duka atalalamika kwamba fremu inaonekana gofu; mpe turubai lenye matangazo yake.

Wakati ukuta unakauka, andaa chokaa. Ya mfuko, ile ya unga, unailoweka angalau siku nzima kabla ya kuchanganya. Iliyo bora ni ya mawe, ambayo haijazimwa. Unaizima mwenyewe kwenye pipa la chuma; la plastiki litayeyuka. Maji yatangulie, ndipo udondoshe vipande kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu. Usifanye kinyume chake kamwe, maana ukimwaga maji kidogo juu ya rundo la chokaa linaripuka na kurusha uji wa moto usoni. Maji yatachemka yenyewe bila kuni. Miwani ya kazi, glavu, mikono mirefu, watoto mbali, na ndoo ya maji safi karibu ya kuoshea macho. Ikitulia ichuje, uiache imefunikwa na maji kwa mwezi au zaidi. Inakuwa nzito kama mtindi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyoshika mwiko vizuri.

Mchanga uwe wa mto, wenye chenga, usiwe laini. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, ulaze hadi kesho. Tope likikaa juu zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au ubadilishe muuzaji.

Mchanganyiko wangu wa kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Kwa sehemu ya chini inayopigwa na matone ya mvua, naongeza nusu ndoo ya pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa, yale ambayo viwanda vya saruji huchimba upande wa Holili. Nayo inafanya chokaa igande hata palipo na unyevu. Lowanisha ukuta kwanza. Piga tabaka lisilozidi milimita 10 au 12, likwaruze lishike linalofuata, funika kwa magunia yaliyoloweshwa. Subiri hadi ukucha usizame ndipo upige la pili. Chokaa haikauki kama tope, inagandishwa na hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu kidogo ili kazi hiyo ifanyike. Jua la Januari litaipasua yote. Julai na Agosti, ubaridi ukishuka kutoka mlimani, ndiyo miezi yake.

Rangi ya mwisho ni chokaa hiyo hiyo ikiwa nyepesi, mikono minne au mitano, kila mmoja ukionekana kama hakuna kilichopakwa. Unaweza kuitia rangi ya udongo mwekundu au wa njano. Mteja akiniambia inaonekana ya kimaskini, nampeleka aone ukuta uliokwisha kukauka, asubuhi, wakati jua linaupiga kwa pembeni. Sijawahi kurudi na ndoo ya rangi ya plastiki.

Paa na maji

Bati la zamani mara nyingi ni nene kuliko linalouzwa leo. Kama halijatoboka, lisugue, lipake rangi ya kuzuia kutu, badilisha misumari kwa skrubu zenye mpira. Kama linabadilishwa, chukua geji 28 badala ya 30, na rudisha mteremko ule ule.

Gata ziwe pana. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 kwenye mvua ya milimita 800 kwa mwaka linaangusha lita 160,000; toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na lita 128,000. Hiyo ni maji ya vyoo na usafi wa jengo zima kwa miezi mingi. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kabla ya maji kuingia tenki. Sola ikae kwenye mteremko wa nyuma usioonekana barabarani, na ilale kidogo tu, digrii kama 10, ili mvua iioshe. Huku kwetu karibu na ikweta jua liko utosini sehemu kubwa ya mwaka.

Kuongeza: nyuma, chini, nyepesi, mbali kidogo

Kijana mmoja wa mwenye jengo, yuko Dar, alinitumia WhatsApp picha ya jengo la kioo. Alitaka uso wa mbele ufunikwe aluminiamu na vioo vya bluu. Nikamwambia, mwanangu, uso huo unatazama magharibi. Saa tisa mchana wapangaji wako watakuwa wanalipa umeme wa kiyoyozi ili wafidie kioo ulichowalipisha. Baraza lile la zamani linazuia jua bila bili. Akanyamaza siku mbili, akarudi na swali lenye maana: sasa tunaongezaje?

Tunaongeza uani. Sehemu mpya isizidi kimo cha paa la mbele, ili mtu akisimama ng'ambo ya barabara aone jengo lile lile alilolizoea. Na isijifanye ya zamani: madirisha yake yawe ya leo, bila matao ya kuigiza.

Kabla ya msingi, chimba shimo la majaribio kando ya ukuta wa zamani uone umekalia nini na kwa kina gani. Misingi mingi ni mawe yaliyopangwa, mapana, ya kina kifupi kuliko unavyodhani. Msingi mpya ukichimbwa chini zaidi ya huo, bega kwa bega, udongo unakimbia na ukuta unafuata. Hatari ni kubwa zaidi pale ambapo unashirikiana ukuta na jirani, kama ilivyo kwa maduka mengi hapa mjini. Kwa hiyo narudisha nguzo mpya nyuma mita moja au moja na nusu, na slabu ndiyo inayonyoosha mkono kuufikia ukuta wa zamani bila kuuegemea. Ikibidi kuchimba karibu, mhandisi atapanga vipande vya mita moja moja visivyofuatana: unachimba, unajenga, unashindilia, ndipo unaruka kwenda kingine. Na jirani umwambie mapema, mpige picha nyufa zake pamoja naye. Itakuepusha na kesi ya baraza la kata.

Pasipo na ubishi kabisa ni hapa: usifunge jengo jipya kwenye la zamani kwa nondo. La zamani limeshamaliza kuzama, jipya ndiyo linaanza, na eneo letu linapata mitetemeko. Acha nafasi ya milimita 50 kati yao, ijazwe kitu laini, juu ifunikwe kwa bati lililokunjwa lisiruhusu maji, na sakafuni iwekwe bamba lililofungwa upande mmoja tu. Kila kimoja kitatembea kivyake.

Mlango wa kuunganisha pande mbili usiutoboe popote. Chagua dirisha lililopo, teremsha sehemu ya chini hadi sakafuni, upana usiubadilishe. Lenta, yaani boriti iliyolala juu ya dirisha, inaendelea kubeba mzigo ule ule, na huhitaji chuma kipya.

Kwa kuta mpya napenda tofali za udongo za kufungamana, zilizoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna magogo yanayoteketea, na hazihitaji udongo mwingi wa kuunganishia. Nguzo na ghorofa zikiwa za chuma cha bolti, uzito unapungua na mjukuu akitaka kubadilisha atafungua kwa spana. Tofali nzuri, milango ya mninga, bawaba na vitasa vilivyotoka wakati wa kubomoa vibanda vya uani vitumike kwanza. Viandike kwa chaki vilikotoka, uvifungie stoo, maana vitu hivyo vina miguu.

Kuongeza ghorofa juu ya kuta za zamani? Mara nyingi jibu langu ni hapana.

Mengine kwa kifupi

Zibua matundu ya hewa yaliyoko juu karibu na dari. Mpangaji fulani aliyaziba kwa magazeti. Dari la juu, madirisha ya mbao yenye vibao vya kulaza na matundu hayo yakifanya kazi pamoja, feni inatosha. Nyaya za zamani zitoke zote, na mpya zipite kwenye trankingi, yaani mabomba bapa ya nyaya, juu ya ukuta, usichimbe mifereji kwenye mawe. Baraza likiwa juu sentimita 30 kutoka barabarani, njia ya kiti cha magurudumu inahitaji urefu wa mita 3.6 kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo ipitishe pembeni, kwenye uchochoro. Ngazi ya pili ya kutokea moto iweke kwenye sehemu mpya, huko ndiko ina nafasi.

Pesa: tenga angalau asilimia 15 kwa yale yatakayoonekana baada ya kubandua. Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika, siyo kwa wiki. Wachague wanaokubali kusubiri chokaa, maana wengi wamezoea saruji ya leo na rangi ya kesho, na usiruhusu mtu akuahidi "tutamaliza kabla ya Krismasi". Ikifika katikati ya Desemba nusu ya saiti imeshapanda Marangu na Rombo, wewe unabaki na mlinzi. Asilimia 10 ya malipo ya paa na plasta ibakize hadi masika moja ipite, ya Machi hadi Mei. Andika hilo kwenye mkataba siku ya kwanza, na Juni mpande wote wawili darini na tochi kabla hujamlipa.